Makaribisho ya Kadi ya Tausi

Sifa zote ni zake Yeye aliyewapa ndege mbawa wala asiwadai ada ya mwaka. Aliyemwandikia kila kiumbe riziki yake wala asiongeze chini yake, kwa herufi zenye ukubwa wa chawa, kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa. Ama baada ya hayo, kisa hiki kilitokea katika dola moja ambayo jina lake limeondolewa kwenye ramani kwa ajili ya matengenezo, na wahusika wameahidi kulirudisha mwaka wowote ujao.

Dola hiyo ilikuwa na mto, na juu ya mto palikuwa na daraja, na ng'ambo ya daraja palikuwa na nchi ya jirani. Mtu mwenye miguu miwili ya kawaida angevuka kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Lakini Wizara ya Safari na Makaribisho ilitafakari sana, ikaona kuwa kuvuka kwa miguu ni ushamba unaolitia taifa aibu. Ikapitisha sheria: haendi mtu nje ila kwa ndege, wala hapandi mtu ndege ila kwa maili, wala hapati mtu maili ila kwa kadi ya mkopo iliyoidhinishwa. Daraja likafungwa kwa mnyororo, akawekwa askari wa kulilinda lisipitwe.

Ndege yenyewe ilikuwa moja. Siku ilipowasili, Mwenyeji Mkuu wa Dola, maana ndicho cheo cha mtawala wao, alipendezwa mno na viti vyake, akaamuru ving'olewe vikapambe ukumbi wake wa wageni. Tangu hapo ndege ilikuwa ikitangazwa kila asubuhi redioni kwamba imechelewa kidogo.

Katika mji uliopakana na daraja hilo aliishi Mzee Shekuwe Madi, mshona kofia za viua, zile za vitundu vya kudarizi, mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa na mke, Bi. Mwanamkuu, mtu wa swala tano na maneno yaliyobaki. Binti yao wa pekee aliye hai, Tima, aliolewa ng'ambo ya mto kabla daraja halijafungwa, na nyumba yake ilionekana kutoka juu ya paa la wazazi wake, hata nguo za kwenye kamba mtu angeweza kuzihesabu.

Siku moja ikaja barua. Barua, kwa kuwa haina miguu, iliruhusiwa kuvuka daraja.

"Baba yangu," aliandika Tima, "unajua kwamba mume wangu alitangulia mimba hii ikiwa changa. Mimi nimo edani katika nyumba ya marehemu na sitoki mpaka nijifungue. Majirani zangu ni watu wema kupita kiasi, ila si wa dini yetu, na hapana hata mmoja wa kumsomea mwanangu adhana sikioni. Wewe ulituadhinia sote. Njoo umwadhinie na mjukuu wako, umpe jina siku ya saba, asiingie duniani kama mtu aliyepita njia. Imebaki miezi mitatu. Akizaliwa, nitaanikisha kisutu, ile kanga ya harusi yangu, kwenye kamba, utakiona."

Mzee Shekuwe aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia aliyokuwa akiishona, akaivaa.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi. Mwanamkuu.

"Kutafuta maili."

"Tafuta na akili huko huko, zikiwa zinauzwa pamoja."

*

Kadi haikutolewa bila cheti cha ulinganishi, kwa kuwa Dola ilithamini uhuru wa raia wa kuchagua, na ikaogopa kumwachia peke yake na uhuru huo. Palikuwa na Ofisi ya Ulinganishi, na ndani yake, nyuma ya dirisha la tatu, aliketi Bwana Mbarawa Tumbe, Kaimu Naibu Mlinganishi Mkuu. Alikuwa amekaimu miaka kumi na tisa, na kiti chake kilikuwa bado hakijavuliwa nailoni ya dukani.

"Shikamoo mzee. Umewahi kulinganisha?"

"Marahaba. Nimelinganisha nyuzi, mwanangu."

"Nyuzi si haba. Lakini hii ni sayansi."

Akatoa mizani ya sonara, akaweka Kadi ya Tausi upande huu na Kadi ya Kipanga upande ule. Mizani ikatikisika, ikatulia. Akaiondoa Kipanga, akaweka Kadi ya Mbuni. Ikatulia vilevile. Bwana Tumbe akaandika matokeo katika daftari, akayapiga muhuri, akayapiga muhuri wa kuthibitisha muhuri.

"Umejionea. Ziko sawasawa."

"Sasa nichukue ipi?"

"Ah! Hapo ndipo utaalamu unapoanzia." Bwana Tumbe akasafisha koo. "Kila kadi ina zawadi yake ya makaribisho. Tausi inakukaribisha kwa maili elfu sitini, ukitumia dinari milioni tatu ndani ya siku tisini. Kipanga inakukaribisha kwa maili elfu themanini, lakini hazitumiki Ijumaa, sikukuu, likizo za shule, siku za mvua, wala siku za jua."

"Zinatumika lini?"

"Kamati inakutana. Halafu kuna Mbuni: maili laki moja, mzee, laki nzima! Ila hizo ni maili za ardhini."

"Maana yake?"

"Huruki nazo."

"Na kwenda hapo ng'ambo kunakula maili ngapi?"

"Elfu sitini kamili. Unapitia miji minne na kulala katika miwili."

"Lakini ng'ambo ninaiona kwenye dirisha lako hapo nyuma."

Bwana Tumbe akageuka, akainuka, akavuta pazia, akarudi kuketi. "Miji minne," alisema.

Mzee Shekuwe akauma ndevu. Kisha akauliza lile lililomkaa rohoni tangu alipotoka nyumbani: "Na riba je, Bwana Tumbe?"

Mashine ya kupiga mihuri ilisita. Bwana Tumbe akaonyesha kwa kidole fremu ya dhahabu ukutani, yenye fatwa ya Baraza la Kuhalalisha Yaliyokwisha Kutendeka.

"Riba ilifutwa, mzee, alhamdulillahi. Siku hizi inaitwa shukrani ya ucheleweshaji. Mteja akichelewa kulipa, anaishukuru benki kwa subira yake, asilimia thelathini."

"Na asiyeshukuru?"

"Mahakama humsaidia kushukuru."

"Basi mimi nitalipa kila kitu siku ile ile, nisilale hata usiku mmoja na cha kushukuru. Nipe Tausi."

Bwana Tumbe akaandika kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri: *Mteja hana shukrani.* Akampa kadi.

*

Mwenye kudhani kwamba kutumia fedha ni kazi nyepesi hajawahi kuamriwa kuifanya. Matumizi yaliyohesabiwa ni yale tu yaliyofanywa katika Duka la Taifa la Matumizi, na Duka la Taifa la Matumizi liliuza kitu kimoja: masanduku ya safari. Mji mzima ulikuwa umekwisha kununua. Watu walihifadhi mchele sandukuni, walifulia sandukuni, waliogeshea watoto sandukuni. Msikitini viatu vya waumini viliwekwa ndani ya sanduku moja lenye kufuli, na siku mwenye ufunguo alipopitiwa na usingizi katika nyiradi zake, jamaa nzima ilirudi makwao pekupeku, kila mmoja akimwombea dua ambayo si ya kuandikwa.

Mzee Shekuwe hakuwa na milioni tatu. Alikuwa na kitu kimoja cha thamani: mlango wa nyumba yake, mlango wa nakshi uliochongwa na babu wa babu yake, wenye aya juu ya kizingiti na mayungiyungi pembeni. Waziri wa Safari na Makaribisho aliutamani siku nyingi, autundike ukutani kama picha. Waliafikiana bei mbele ya mashahidi wawili, bila kudhulumiana, na mafundi wakaja wakaung'oa.

Kuanzia siku hiyo wageni walisimama nje wakipiga hodi mbele ya uwazi, na Bi. Mwanamkuu akiwa anawatazama usoni aliwajibu, "Nani?"

Siku zilikwenda na masanduku yakaja. Kila sanduku lililoingia, Mzee Shekuwe alipanda juu ya paa, akaitazama kamba ya Tima ng'ambo. Nguo za kawaida. Akashuka.

"Shekuwe," alisema mkewe siku ya themanini na sita, "nyumba haina mlango, na ina masanduku thelathini na tisa. Mwizi akija atafikiri tunahama. Atatusaidia kufungasha."

"Limebaki moja, mke wangu."

"Na mkononi tumebakiwa na nini?"

"Sindano."

"Basi iweke mbali, wasije wakailinganisha."

*

Siku ya themanini na nane, asubuhi, kisutu kilionekana kwenye kamba. Chekundu, cheupe na cheusi, kikipepea kama bendera ya nchi iliyo na akili. Bi. Mwanamkuu alipiga vigelegele vinne kutoka juu ya paa, na ng'ambo wakajibu kwa kupiga masufuria.

Mzee Shekuwe alilinunua sanduku la arubaini mbio mbio, akaenda nalo hadi Ofisi ya Ulinganishi. Alipokelewa kwa heshima kubwa. Alinyunyiziwa marashi, akapewa bilauri ya sharubati ya ukwaju, na Bwana Tumbe, akiwa amevaa joho, akasoma kwa sauti ya khutba:

"Shekuwe bin Madi, umetumia ulichokuwa nacho na usichokuwa nacho. Kwa maili hizi elfu sitini, Dola inakukaribisha. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

"Nimekaribia," alijibu mzee, kama anavyojibu muungwana yeyote. Akanywa sharubati, akatia sahihi. "Sasa nipe tiketi, mwanangu. Nina siku saba."

Bwana Tumbe akaweka kiganja kifuani kama mtu aliyejeruhiwa.

"Mzee wangu, mate ya sharubati hayajakauka midomoni, unataka kuondoka? Huo si uungwana."

"Siwezi kungoja. Mjukuu wangu amezaliwa leo."

"Hongera sana. Lakini hukusoma Kifungu cha Tisa? Aliyepokea makaribisho ni mgeni wa Dola, na mgeni haondoki bila ruhusa ya mwenyeji. Ruhusa hutolewa na Mwenyeji Mkuu mwenyewe, na mpaka leo hajapata kusikia mtu akiiomba."

"Mimi mgeni? Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa!"

"Ulizaliwa. Leo umekaribishwa."

"Na nyumba yangu?"

"Umefikia humo."

"Na kura yangu?"

"Tangu lini mgeni akamchagua mwenyeji?"

"Na bei ya unga, tuliyokuwa tukiilalamikia?"

"Mgeni haulizi ya jikoni, mzee." Bwana Tumbe akatabasamu kwa ukarimu mwingi. "Usijihisi mpweke. Nchi nzima imekwisha kukaribishwa, isipokuwa sisi wenyeji, mia mbili na kumi na wawili."

*

Mzee Shekuwe alirudi nyumbani, akaketi juu ya sanduku la arubaini, akafunika uso kwa kofia. Hakulia, lakini kofia ilipotoka usoni ilikuwa imelowa.

"Adhini juu ya paa," alisema Bi. Mwanamkuu, sauti yake kwa mara ya kwanza ikiwa ndogo. "Upepo unaelekea kwao."

"Adhana ya mtoto ni ya sikioni, Mwanamkuu. Hapigiwi kelele kama mwenye deni."

Hapo akaitoa mfukoni nakala ya mkataba wake, karatasi yenye upana wa shuka, na akaanza kukisoma Kifungu cha Tisa. Wale waliokiandika walikuwa na hakika kwamba hapana jicho la binadamu litakalokifikia mwisho wake, maana kila mstari ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia. Hawakujua kwamba mshona kofia za viua hutumia miaka arubaini akipitisha uzi kwenye matundu yasiyoingia hata punje ya ulezi. Kwa Mzee Shekuwe, herufi zile zilikuwa na ukubwa wa mabango.

Akagundua jambo. Wizara, kwa uvivu wa kutunga, ilikuwa imenakili adabu zote za ugeni kama zilivyo, kutoka kwenye kitabu cha malezi cha bibi ya mtu, ikazitia sahihi na muhuri. Na zile adabu hazikuishia pale Bwana Tumbe alipoishia.

Alisoma kwa sauti: "'Mgeni akiomba ruhusa, mwenyeji atamzuia mara ya kwanza na mara ya pili. Akiomba mara ya tatu, mwenyeji atasimama yeye mwenyewe, pamoja na watu wote wa nyumba yake, ambebee mzigo wake, amsindikize afikako. Wala mwenyeji hatageuka kurudi mpaka mgeni amwambie: rudini, inatosha.'"

Wakatazamana.

"Shekuwe," alisema Bi. Mwanamkuu, "nipe mtandio wangu."

Akatoka kuipeleka habari nyumba kwa nyumba. Ilisambaa upesi ajabu, kwa sababu katika mji ule nyumba nyingi hazikuwa tena na milango.

*

Siku ya saba tangu kisutu kianikwe iliangukia Karamu ya Ukarimu, ambapo mabalozi wa nchi za nje walikuja kumpa Mwenyeji Mkuu nishani ya mapokezi bora. Wananchi waliruhusiwa kuhudhuria ili waonekane wamekaribishwa. Mwaka huo walikuja wote, na kila mmoja na masanduku yake, jambo ambalo Wizara ililitafsiri kuwa ni mapenzi.

Mwenyeji Mkuu aliinuka kutoka kwenye kiti cha ndege, akafungua mkanda, akahutubia:

"Wageni wetu watukufu! Wakati mataifa mengine yanahangaika kuwapa watu wake maji, sisi tumewapa maili. Tumetoa maili bilioni kumi na mbili! Na kwa usimamizi wetu madhubuti, hakuna hata moja iliyotumika vibaya." Akanywa maji. "Wala iliyotumika."

Makofi yakapigwa. Yalipokoma, Mzee Shekuwe alikuwa amesimama, kofia kichwani, mkono kifuani.

"Mheshimiwa Mwenyeji, tumekula tumeshiba, tumekunywa tumeshukuru. Naomba ruhusa."

Ukumbi ukapigwa na baridi. Mwenyeji Mkuu akawatazama mabalozi, na mabalozi wakamtazama yeye, kalamu mkononi.

"Keti mzee wetu!" akacheka. "Mapema hivi? Chakula bado kinakuja."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie, Mheshimiwa. Naomba ruhusa."

"Unatuonea! Lala hata siku moja, tufurahi nawe." Jasho likaanza kumtiririka chini ya kola.

"Kwa mara ya tatu, Mheshimiwa, naomba ruhusa. Nina mtoto wa kumwadhinia."

Bwana Tumbe, aliyesimama nyuma ya kiti, akanong'ona, "Mkatalie, Mheshimiwa." Lakini balozi mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, alisema kwa sauti ya kusikika, "Ama kweli, hapa ndipo tutakapouona ukarimu wenyewe." Akaiweka nishani karibu na ukingo wa meza.

Mwenyeji Mkuu akasimama, na Waziri akasimama. Wenyeji wote mia mbili na kumi na wawili wakasimama. Ndipo ukumbi mzima ukainuka kwa pamoja, ukasema kwa sauti moja, kwa adabu isiyo na kasoro, "Nasi tunaomba ruhusa." Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Msafara ule haujapata kuonekana. Mbele alitembea Mzee Shekuwe, mikono mitupu. Nyuma yake Mwenyeji Mkuu, sanduku kichwani, sanduku kila mkono. Nyuma yao Waziri, na Baraza la Kuhalalisha, na Bwana Tumbe aliyebeba manane yaliyofungwa kwa kamba, na kila sanduku lilikuwa tupu ila la Bi. Mwanamkuu, alilolijaza mawe ya kusagia kwa makusudi anayoyajua Mola wake. Mabalozi walifuata kwa gari, wakiandika.

Darajani askari akajitokeza. "Maili!"

"Fungua, mimi ni Mwenyeji Mkuu!"

"Kadi yako, Mheshimiwa?"

"Wenyeji hawana kadi, mpumbavu wewe!"

"Basi hupiti, Mheshimiwa. Vigezo na ma..."

Mwenyeji Mkuu aliutazama mnyororo, akayatazama magari ya mabalozi. Akatua masanduku, akaukata mnyororo kwa mikono yake na shoka la askari, huku akitabasamu.

Walivuka. Ilichukua muda wa kikombe cha kahawa.

*

Tima alikuwa amesimama mlangoni. Alimpa baba yake kile kifurushi chepesi chenye joto. Mzee Shekuwe aliingia ndani, akaelekea kibla, akainamisha midomo yake hadi kwenye sikio dogo la kulia, akaadhini polepole, kwa sauti ambayo hata mto usingeisikia. Kisha akakimu kwenye la kushoto. Mtoto alikuwa wa kike. Alifungua jicho moja, akalifunga.

"Jina lake Sikudhani," alisema babu.

Nje, wenyeji walingoja, masanduku vichwani. Mzee alipotoka, Mwenyeji Mkuu alimsogelea akamnong'oneza.

"Mzee, sema basi."

"Niseme nini, Mheshimiwa?"

"Lile neno."

Mabalozi walikuwa wakisikiliza, na mwenyeji hawezi kumfundisha mgeni neno la kumwachisha, maana kufanya hivyo ni kumfukuza. Mzee Shekuwe hakusema uongo hata kidogo. Aliomba tu maji ya kutawadha. Na jioni ile wananchi walirudi makwao mmoja mmoja kwa miguu, kila mmoja akipita mbele ya wenyeji waliombebea mzigo, akiwashukuru, akiwaombea afya njema, akiwaulizia hali ya watoto, na akisahau jambo moja tu.

Wenyeji wako kule hata leo. Majirani wa Tima, watu wema kupita kiasi, waliwapa mahali pa kulala na uji asubuhi. Waziri wa Safari alipouliza kwa nini uji hauna sukari, aliambiwa kwamba mgeni haulizi ya jikoni. Baadaye akakosa pa kuwekea nguo, akaomba sanduku, Bi. Mwanamkuu akampa moja, naye akalilipia kwa ule mlango wa nakshi. Siku hizi hodi zinapigwa kwenye mbao.

Kila Ijumaa baada ya swala Mzee Shekuwe huvuka kwenda kumwona Sikudhani, ambaye ameanza kutambaa. Akishaaga na kutoka, huwakuta mia mbili na kumi na wawili wamejipanga uani, viatu miguuni, na Mwenyeji Mkuu mbele yao, nishani aliyopewa na mabalozi imepata kutu.

"Mzee wetu, leo je? Hatujakusindikiza vya kutosha?"

Mzee Shekuwe huweka kiganja kifuani, kama mtu aliyejeruhiwa.

"Mheshimiwa, mate ya uji hayajakauka midomoni, mnataka kuondoka?" husema. "Huo si uungwana."

Kisha huvaa kofia yake vizuri, akashika njia ya darajani.